Mbingu ya Kijani ya Shangazi Stella

Shuka jeupe lililofunika jeneza la baba mkubwa Yona lilipigwa pasi na shangazi Stella. Aliamka alfajiri, akawasha mkaa, akalinyunyizia maji yenye wanga kwa ncha za vidole, akalipiga pasi mpaka mikunjo yote ikaisha. Walipolitandaza juu ya jeneza, pale uani kwetu Ilongero, harufu ya wanga uliopata moto ikanifikia nilipokaa na wanawake kwenye mkeka. Watu walikuwa wanalia. Mke wa baba mkubwa alikuwa ameshikiliwa na watu wawili. Binamu yangu mmoja akaniinamia akanong'ona, "Neema, hata chozi moja?" Nikamwambia nina mafua, yamenikausha macho. Ukweli ni kwamba harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye mwaka niliokuwa darasa la tatu, na nilikuwa nakumbuka kwa raha.

Harufu hiyo ndiyo aliyokuja nayo shangazi. Kabla ya hapo kwangu alikuwa sauti tu kwenye simu ya baba, na mabati mapya juu ya nyumba ya babu, yaliyonunuliwa kwa fedha alizotuma. Ni dada yao wa mwisho, baada ya baba mkubwa Yona na baba yangu. Nilijua anafanya kazi ya kufua kwenye meli ya watalii, mbali sana. Lakini meli niliyoweza kuifikiria ilikuwa mtumbwi wa wavuvi wa ziwa Singidani, ule niliouona siku mama aliponipeleka mjini hospitali, ila nikauongeza ukubwa kidogo. Kwa hiyo kichwani mwangu shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa mtumbwi, anasuuza mashuka ziwani, na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wamesimama wanamwangalia.

Alirudi kwa sababu babu alikuwa anaumwa. Alishuka kwenye bodaboda na sanduku moja, amevaa shati jeupe la kazini, limenyooka kama karatasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu pana, linang'aa, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Mashine ya kunyoosha mashuka ilikuwa imemuunguza. Niliposhika ule mkono kumwamkia, alicheka akasema, "Usiogope, haumi tena." Nilimpenda palepale.

Jioni tulikaa jikoni kwa mama, mimi nikimmenyea karanga, naye akinieleza meli ni nini. Ilikuwa ghorofa, akasema, tena ghorofa nyingi, yenye maduka, kanisa na bwawa la kuogelea ndani yake.

"Bwawa ndani ya bahari?" nikauliza.

"Ndani ya meli, na meli ndani ya bahari."

"Madirisha je?"

"Ya wageni yapo. Sisi wa kufua tulikuwa chini kabisa, kama viazi kwenye shimo. Unaweza kumaliza wiki nzima hujui kama nje kuna jua au mvua. Joto, mvuke, mashuka. Ukilala unaota mashuka."

Halafu akanisimulia ile jioni. Meli ilikuwa imekwenda juu kabisa, kwenye nchi za baridi, mahali ambapo wakati huo wa mwaka jua linatua watu wakiwa bado hawajashiba chakula cha mchana. Wageni walikuwa wanakula chakula cha jioni, sahani zikalia, mara sauti ya nahodha ikatoka kwenye spika. Vijiko vikaachwa. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mmoja mkali ambaye hakuwahi kuwaruhusu hata kukaa, akazima mashine na kuwaambia, "Nendeni juu, haraka, mkaone." Wakapanda ngazi mbiombio na nguo zao nyepesi, wamelowa jasho. Walipofungua mlango, baridi ikawapiga kifuani, na miili yao ikaanza kutoa moshi kama uji uliotoka kwenye moto.

"Nikainua macho," shangazi akasema, "nikaona mbingu imechipua."

"Imechipua nini?"

"Kijani. Unajua uwele ukitoka ardhini, siku ya kwanza mvua ikishapita, ile rangi yake? Sasa chukua rangi hiyo uitie mwanga ndani. Ilikuwa imetanda kutoka upande huu wa bahari hadi ule, inacheza. Inajikunja, inajikunjua, kama mtu anakung'uta shuka kubwa mno kabla ya kulianika. Na pindo lake jekundu, ule wekundu wa heroe wako wa Singidani. Bila sauti yoyote, Neema. Kitu kikubwa hivyo, na hakina hata sauti ya panya. Watu wazima, wageni wenye mali zao, walikuwa wanalia. Na mimi nililia."

Wageni waliuita mwanga wa kaskazini. Mwalimu alikuwa ametuonyesha kaskazini kwa kunyoosha mkono upande wa vyoo vya shule, kwa hiyo kwa muda mrefu kila jioni nilisimama uani nimeangalia upande wa vyoo vya shule, nikisubiri mbingu ichipue. Mama alidhani nina minyoo, akanipa dawa.

Aliyeipenda habari ile kunizidi alikuwa babu. Chumba chake kilipakana na jiko, naye aliagiza mlango uachwe wazi. Shangazi akimaliza, tulisikia sauti nyembamba kutoka kitandani: "Stella, rudia pale pa uwele." Na shangazi alirudia. Siku za mwisho babu alikuwa hawezi hata kumeza maji, lakini aliweza kusikia pale pa uwele. Kabla hajafa alimwita baba yangu na shangazi, akasema mbele yao kwamba shamba la bondeni, lile lenye udongo mweusi, ni la Stella. Mimi nilikuwa mlangoni. Baba mkubwa Yona hakuwepo, alikuwa kwenye mkutano. Siku zote alikuwa kwenye mkutano. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya, wa kamati ya maji, wa harusi za watu, na kofia yake ya kijivu aliivua kanisani tu.

Baada ya matanga kikaitwa kikao cha ukoo. Baba yangu alisema alichokisikia, lakini baba alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kaka yake alikuwa amezoea kuongea juu yake. Watoto tulifukuzwa. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha.

"Wazee wangu," baba mkubwa alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole ninaouchukia mpaka leo. "Mimi sibishani na maneno ya marehemu. Naomba tu mumsikilize mdogo wangu. Stella, hebu waeleze wazee ulichokiona huko juu angani."

Shangazi akadhani anaheshimiwa. Akasimama, akavuta kitenge vizuri, akawaeleza. Alieleza vizuri kama alivyotueleza sisi. Alipofika pale pa uwele mtu akacheka, na mwingine akacheka, na baba mkubwa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mmeona wenyewe. Meli zile zina mambo. Mtoto wetu amerudi, lakini kichwa kimebaki baharini. Tumkabidhi mtu wa namna hii shamba?" Mzee Mughwai, rika la babu na mkuu wa kikao, alisita. Mwishoni akasema shamba alishike Yona kwanza, mpaka dada yake apate nafuu.

Jumapili iliyofuata baba mkubwa alileta watu wa maombi uani kwetu. Waliunda duara, wakamkalisha shangazi kwenye kigoda katikati, wakaweka mikono kichwani na mabegani mwake. Nilifurahi sana. Nilidhani wanamshukuru Mungu kwa sababu shangazi ameona mbingu, jambo ambalo hata mchungaji hakuwahi kulisema kwa habari zake mwenyewe. Wakaomba kwa nguvu, baba mkubwa akiwaongoza, na kila walipotua mimi niliitikia Amina kwa sauti kuliko wote. Kisha duara likafunguka kidogo nikaona uso wa shangazi. Baba mkubwa alikuwa ameushika ule mkono wake wenye kovu, ameukandamiza kwenye goti lake asiinuke, na shangazi alikuwa anamwangalia kaka yake kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. Ndipo nikasikia maneno ya maombi yenyewe. Walikuwa wanamkemea pepo wa wazimu.

Sikulia. Kuanzia siku ile nilimchukia baba mkubwa kwa utaratibu, kama mtu anavyotunza mche.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na shangazi mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu. Baba mkubwa naye alikuwepo, amesimama na wanaume, kofia kichwani. Shangazi akapita mbele yake na ndoo ya mahindi. Baba mkubwa akajikohoza, akajiweka sawa, kama mkubwa anavyojiandaa kupokea salamu ya mdogo wake.

"Za asubuhi," shangazi akasema, na akapita.

Nyinyi mliokulia kwetu hamhitaji kuelezwa. Kwetu mtoto aliyepita mbele ya mkubwa bila shikamoo alirudishwa, akasalimia, kisha akachapwa. Mtu mzima hakuwahi kufanya hivyo kabisa, labda awe amelewa. Na shangazi alikuwa mzima, tena ametabasamu. Nadhani hata mashine ilipunguza kelele. Baba mkubwa akacheka peke yake, akawaambia wanaume, "Mnaona? Ugonjwa." Lakini sikio lake moja lilikuwa limewiva.

Shangazi hakumnyima kitu kingine chochote. Alimkaribisha maji, alimpa kiti, alimuuliza za watoto na mbuzi. Shikamoo tu ndiyo hakuitoa. Kanisani, kisimani, msibani, mbele ya wakwe za kaka yake: "Za jioni, kaka." Na kila mara nilikuwa karibu nikiangalia lile sikio.

Bibi mzaa mama aliwahi kuniambia kwamba shikamoo humpa mzee nguvu. Mimi nililichukua neno hilo hivyohivyo lilivyo. Niliamini wazee wanaishi kwa shikamoo kama sisi tunavyoishi kwa ugali, na ndiyo maana wanazidai kwa ukali vile. Kwa hiyo nilipoona alichokuwa anafanya shangazi, nilielewa kwamba anamuua baba mkubwa taratibu, na nikaamua kumsaidia. Nikaacha kumwamkia. Alinivuta sikio, mama akanichapa kwa mwiko, nikaendelea. Nikawashawishi wenzangu shuleni, wale niliokaa nao dawati moja, kisha rafiki zao. Tukimwona baba mkubwa anakuja na baiskeli yake, tulikuwa tunaangalia miti kana kwamba hatujawahi kuona miti. Ikafika mahali anapita kundi zima la watoto na hapati hata shikamoo moja, anabaki anatazama nyuma na baiskeli inayumba.

Mvua zilipoanza akashikwa na malaria. Akalala kitandani, akakonda mpaka shingo ikabaki inaelea ndani ya kola. Nilitumwa kumpelekea uji. Nilisimama mlangoni nikamwangalia, nikasema, "Habari ya kuumwa, baba mkubwa," na nikatoka mbio nina furaha, maana niliona dawa inafanya kazi. Alipopona nilikasirika sana. Nikamfuata shangazi kisimani nikamwambia nimehangaika bure, kuna watu bado wanamlisha shikamoo kwa siri. Ilibidi nimweleze yote. Alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi sitaki afe, Neema," akasema. "Akifa atakuwa ameshinda. Nataka awe hai, akae mbele, aone."

Wakati huo sikujua anangoja nini. Alikuwa anamngoja Rehema.

Rehema alikuwa mwenzake wa kazi, mtu wa Tanga, ambaye walifua naye, wakalala naye chumba kimoja, na jioni ile wakapanda naye ngazi. Mkataba wake ulipoisha akaja kutupa pole ya msiba wa babu. Alishuka kwenye basi na mtandio wa zambarau na Kiswahili kilichotufanya watoto tumfuate nyuma ili tukisikie. Usiku hawakulala, nilisikia minong'ono yao. Asubuhi Rehema alitaka kuwaonyesha watu kitu kilichokuwa kwenye kamera yake ndogo, shangazi akamshika mkono. "Bado. Kwanza tualike watu."

Akawaalika kwa adabu zote. Alimtuma baba yangu kwa Mzee Mughwai na wazee wote wa kile kikao: kuna mgeni kutoka Tanga ameleta pole ya marehemu, anaomba awaone wazee Jumapili baada ya ibada, pale kibanda cha video cha Mama Jeni. Mwaliko wa namna hiyo hakuna anayeweza kuukataa. Baba mkubwa alikuja na kofia yake, akakaa benchi la mbele, mahali pa mwenyekiti. Sisi watoto tulijipenyeza tukakaa chini, nami nikachagua mahali ambapo ningeona uso wake, siyo televisheni.

Rehema akasimama. "Poleni na msiba, wazee wangu. Mie sikubahatika kumjua marehemu, ila mwanawe alimtaja kila siku. Kuna jioni moja alitaka babaye aone kitu. Marehemu keshatangulia, basi naomba muone nyie kwa niaba yake."

Mama Jeni akafunga mapazia, akachomeka kamera. Kioo kikawa cheusi, kikatetemeka, upepo ukavuma kwenye spika. Halafu kibanda kizima kikawa kijani. Nilisema ningeangalia uso wa baba mkubwa, lakini nami niligeuka. Picha ilikuwa na chenga na mkono wa Rehema ulikuwa unatetemeka kwa baridi, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe. Lile shuka kubwa lilikuwa linakung'utwa kutoka upande hadi upande, na pindo lake jekundu, na chini yake bahari nyeusi imepokea rangi ileile. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Uwele."

Picha ikashuka, na shangazi akatokea. Alikuwa na shati lake jeupe, taulo kichwani, moshi unamtoka mabegani. Sauti ya Rehema ikasema, "Stella, sema na nyumbani!" Shangazi wa kwenye kioo akafuta machozi akaongea Kinyaturu, lugha ambayo kila mtu pale aliielewa isipokuwa mgeni mwenyewe.

"Baba, unaona? Usilale, baba, tazama. Na mwiteni kaka Yona. Mwiteni Yona naye aone."

Hapo ndipo nilipomgeukia baba mkubwa. Alikuwa amevua kofia. Mwanga wa kijani ulikuwa unatembea usoni mwake, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Naapa sijawahi kuona kitu kilichonipendeza zaidi. Shangazi alikuwa amesimama pembeni ya televisheni, mikono nyuma, hamwangalii mtu mwingine yeyote. Picha ilipoisha akamwambia Mama Jeni, "Rudisha mwanzo." Akamwonyesha kaka yake tena. Na mara ya tatu.

Mapazia yalipofunguliwa, Mzee Mughwai alibaki amekaa, amekamata fimbo yake. "Yona," akasema, "ulituambia huyu mtoto amechanganyikiwa, na sisi tukacheka. Mimi nilicheka. Tumemdhalilisha mtoto wa rafiki yangu kwa kitu cha kweli. Shamba linarudi kwake leo."

"Nimeshapanda alizeti, mzee," baba mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya baba yangu.

"Basi linarudi na alizeti yake."

Mtu angefikiri shangazi ataridhika. Watu walimwambia hivyo, hata baba yangu: umepata haki yako, sasa mpe kaka yako heshima yake. Shangazi aliwasikiliza wote kwa adabu. Kesho yake akakutana na baba mkubwa njiani, nami nikiwa naye. "Za asubuhi, kaka," akasema, na akapita.

Alizeti ikakomaa, vichwa vikainama, vikakauka. Siku ya kupiga tulikuwa wengi bondeni: baba na mama, majirani, Mzee Mughwai amekaa kwenye kigoda kivulini mwa mkokoteni. Turubai lilitandazwa, tukapiga vichwa kwa fimbo mpaka mbegu zikawa lundo jeusi. Shangazi alikuwa anajaza magunia kwa karai. Ndipo baba mkubwa akaja akiwa peke yake, kwa miguu, akikata katikati ya mabua, kofia mkononi. Alikuja mpaka ukingoni mwa turubai, akasimama mbele ya mdogo wake wa mwisho.

"Shikamoo," akasema.

Fimbo zote zilisimama. Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo. Sikuwa nimewahi kusikia shikamoo ya namna hiyo, na sijaisikia tena. Niliona baba ameinamisha uso, mama ameziba mdomo. Nilimtazama shangazi nikiomba, sijui niliomba nini, labda asimhurumie.

Shangazi alimaliza kumwaga karai lililokuwa mkononi. Akajifuta paji la uso kwa ule mkono wenye kovu.

"Marahaba," akajibu. "Haya, shika mdomo wa gunia hapo, mbegu zinamwagika."

Baba mkubwa akaweka kofia yake chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akalishika gunia kwa mikono miwili, akalipanua mdomo. Shangazi akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Vumbi la alizeti lilikuwa linamjaa baba mkubwa kwenye nyusi na kope, naye hakuweza kujifuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika. Nilikaa juu ya mabua nikaangalia mpaka mwisho. Gunia lile lilijaa polepole kuliko magunia yote ya siku ile.